Mjomba wa Redioni Aje Ale Kiazi

Natawele, kisiwa cha Santo
Siku ya tisini na tatu ya msiba

Kwa Mheshimiwa Mlezi wa Chama cha Kisiwa Huru, huko ng'ambo,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote waliokuja nawe kwa ile ndege ndogo. Mimi ni Selina, mjane wa Vira Motari, aliyekuwa Rais wa Tawi lenu hapa Natawele. Mlimpa cheo hicho ufukweni, mkamvika kofia, nawe ukatangaza kwenye redio yenu kwamba tangu siku ile wewe ni mjomba wetu sote. Nakuandikia kwa sababu ya neno hilo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu, mjomba ndiye humfunika marehemu kwa mkeka. Vira alikufa kwa homa wiki mbili baada ya chama chenu kupanda ndege na kwenda zake. Hukuja. Nilimfunika kwa bendera yenu. Ni fupi. Miguu ilibaki nje.

2. Mjomba hanyoi ndevu siku mia moja. Katika picha ya gazeti la mwezi jana kidevu chako kinang'aa.

3. Siku ya mia, yaani Ijumaa ijayo, mjomba hula kipande cha kwanza cha kiazi kikuu. Asipokula, marehemu hana ruhusa ya kuondoka, nami siwezi kuoga baharini wala kuvua nguo nyeusi. Vira bado yupo. Asubuhi namsikia akikohoa jikoni, kama alivyokohoa akitafuta kiberiti. Mimi sichoki kumsikia, ila nadhani yeye amechoka.

4. Mjomba wake wa damu, mzee Molivuti, ni wa chama kile kingine. Kwa ajili yako hawakusemezana miaka mitatu. Nilimpelekea kava, kinywaji chetu cha heshima, nikamwomba aje, hakuigusa. Alisema, "Mwanangu, wa kula si mimi. Mwite mjomba wake wa redioni."

5. Mlikuja na fulana, redio na injini ya mashua. Fulana sasa tunasugulia masufuria. Redio, ambayo Vira aliipenda kwa habari za mvua za visiwa vingine, inakoroma tu. Injini mliondoka nayo. Sidai hata kimoja. Nadai mtu mmoja mwenye mdomo.

Kwa hiyo naomba uje kabla ya Ijumaa, usinyoe, uketi mkekani bila kuhutubia, ule kiazi. Kama huwezi, mtume makamu. Kama chama hakina tena makamu, tuandikie kwamba nacho kimekufa, tukikalie matanga siku mia, kisha nitaanza upya kuhesabu za Vira.

Wasalimie wote, hasa yule bibi aliyependa mapapai yetu.

Ni mimi mfiwa,
Selina Motari

N.B. Mashua ya barua imechelewa, kwa hiyo naongeza. Jana nilirudi kwa mzee Molivuti nikamwambia siri niliyomtunzia mume wangu. Siku ya uchaguzi Vira alipigia kura chama kile kingine. Alirudi na kofia yenu kichwani, akaniambia polepole, "Mama, kofia ni yao, kura ni yangu." Hakutaka mjue, msije mkamvua kofia. Mzee alicheka mpaka akafuta macho, kisha akauliza kiazi kitaiva saa ngapi.

Usije, Mheshimiwa. Ndevu nyoa tu.