Jalada la Odilo

Jumatatu, 2 Juni

Barafu shambani asubuhi. Miche yangu ya parachichi, mia moja na ishirini, imekuwa myeusi yote. Kuku nao walikwisha kwa mdondo mwezi wa tatu. Kukimbia alfajiri niliacha baada ya kung'atwa na mbwa wa misheni. Shughuli ya tatu hiyo inanifia mkononi.

Na siku zinakwenda! Mkufunzi wa semina ya wastaafu alitamka waziwazi kwamba mstaafu asiye na shughuli hamalizi miaka miwili. Mimi nimestaafu ukarani wa masjala mwaka mmoja na miezi kumi. Sitaki kufa. Nimemwambia hivyo Oliva, mke wangu. Akajibu kwamba kuni hazijapasuliwa.

Lakini leo mazikoni nimepata wazo! Aliyesoma historia ya marehemu ni Linus, karani mstaafu wa mahakama. Tarehe tatu alikosea. Alimbatiza marehemu mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Watu wakalia hivyohivyo, kisha Linus akawekewa kiti karibu na padre, na nyama vipande viwili. Mimi nimetunza majalada ya serikali miaka thelathini na minne bila kupoteza karatasi. Nani anajua tarehe kuliko mimi? Nitakuwa msomaji wa historia za marehemu. Nimeshapiga pasi suruali.

Jumatano, 4 Juni

Udhaifu wa Linus nimeugundua. Yeye hungoja mtu afe, ndipo akaulize ndugu wanaolia. Lazima akosee. Mimi nitakusanya mapema, mhusika mwenyewe akiwepo! Nimefungua majalada manne, ya wagonjwa wa kijiji kizima. La kwanza la Odilo.

Odilo ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulibandua magome ya miwati pamoja, yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, tukigawana kiazi kimoja. Sasa ini lake limekwisha, hospitali wamemrudisha nyumbani. Anayemuuguza ni dada yake Fidelia, mjane. Nilikaa, nikafungua daftari, nikamuuliza Fidelia kwa sauti ya kiofisi: marehemu alipata kipaimara mwaka gani?

Fidelia akaangusha kikombe. Odilo mwenyewe akajibu kutoka kitandani kwamba ni sabini na nne. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nikaandika 1974. Nyumbani aibu imenishika. Ila tarehe ni sahihi.

Ijumaa, 6 Juni

Habari zimeenea. Bibi mmoja mwenye mafua tu aliponiona ninaingia uani na daftari alianza rozari. Majalada mawili nimeyafunga kwa kukosa ushirikiano.

Odilo akaniita. Alinisalimu kamwene, akaongeza kwamba marehemu yupo, nikaribie. Baada ya hapo hakutania tena. Binti yake wa pekee, Stella, anakaa Mahongole, kule Makambako. Miaka kumi na mmoja hawasemezani. Aliolewa na Brayson, ndoa ya upande wetu, ya Kilutheri, na Odilo hakukanyaga harusini. Jibu lake baya, kwamba haji, alinituma mimi kulipeleka. Tangu hapo Stella hapokei simu yoyote ya huku nyumbani.

Odilo anasema msamaha haupigwi simu, unapelekwa na mtu. Na miguu iliyopeleka neno chungu ndiyo ipeleke tamu. Akayataja maneno polepole, nami nikayaandika ukurasa wa tisa: Baba amekosa. Njoo, na uje na mume wako. Alinishika mkono, mkono wake ulikuwa moto. Nimemwapia kwenda kesho.

Jumamosi, 7 Juni

Makambako. Upepo wa kung'oa kofia. Kabla ya Mahongole nilipitia mitumbani kutafuta koti jeusi, maana mjumbe haendi ovyo ovyo. (Na msomaji pia.) Nilijaribu makoti kumi na mawili. Nikapata moja, linabana kwapa kidogo tu.

Natoka, nasikia spika. Msiba! Nikaingia dakika tano, kujifunza. Lo, msomaji wa mjini ni mwingine! Alikuwa na sentensi moja iliyowaliza hata wapishi: Aliagana na dunia akiwa amezungukwa na wanawe, mkono wake ukiwa mikononi mwao. Nikainakili. Wakaleta wali. Kukataa chakula cha msiba ni vibaya.

Niliponawa mikono, gari la mwisho la kurudi kwetu Njombe lilikuwa linaita abiria. Mahongole sikufika.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nilikusudia kumwambia Odilo ukweli. Naapa nilikusudia. Lakini nilimkuta amenyolewa ndevu, amevaa shati la sikukuu, kitanda kimegeuzwa kitazame mlango. Fidelia amemfunga jogoo kamba mguuni, wa kumkaribisha mkwe. Odilo akauliza kwa macho. Ulimi ukajibu wenyewe: wanakuja. Kesho.

Odilo alilia. Nikalia na mimi.

Hakijaharibika kitu. Kesho alfajiri nakwenda, namleta, na uongo unageuka kweli. Mpango safi.

Jumatatu, 9 Juni

Nilishafika kituoni! Nimekata tiketi! Ndipo jirani akanipasha kwamba amepishana na Linus, anaelekea kwa Odilo, ana daftari jipya kwapani. Nikarudi mbio.

Linus alidai amekuja kumwona mgonjwa tu. Mgonjwa gani! Nikamwambia mgonjwa amelala. Akasema atangoja. Nikasema nami nitangoja. Tukakaa mlangoni tangu asubuhi, kila mmoja na daftari lake, tukizungumzia bei ya mbolea. Ndani, kila bati lilipogonga, Odilo aliuliza kama ni Stella. Nilimjibu kwamba ni upepo. Mara nne nilimjibu.

Saa kumi Linus alichoka, akaondoka. Ushindi! Tiketi wamesema naweza kuitumia kesho.

Jumanne, 10 Juni

Odilo amefariki saa nne kasorobo asubuhi. Mimi nilikuwa kituoni, nimeshika tiketi. Fidelia anasema macho yake hayakutoka mlangoni, na imembidi kuyafumba mara mbili.

Habari ya kifo haikuhitaji mjumbe. Imemfikia Stella kabla ya saa sita.

Nimemwomba Oliva aniache peke yangu. Nilimpenda Odilo. Nimejaza saa ya kufariki kwenye jalada, mwandiko umepinda.

Alhamisi, 12 Juni

Mazishi. Katekista alinichagua mimi, kwa kuwa ndiye mwenye jalada. Linus alikaa benchi la nyuma.

Nilisoma. Kuzaliwa, ubatizo, shule, miwati, kipaimara 1974. Tarehe zote sahihi! Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikafika mwisho, pale pa kuliza watu, na ile sentensi ilishaandikwa pale tangu Jumamosi. Nikasoma kwamba Odilo aliagana na dunia akiwa amezungukwa na wanawe. Nilishaanza, ningesimamia wapi? Stella aliinua kichwa. Hakulia. Alinitazama tu. Wengine walilia vizuri sana.

Brayson hakuingia uani. Alisimama barabarani kwenye mikaratusi, kofia mkononi, kuanzia misa hadi kaburi. Anajua hatakiwi. Hakuna aliyemwambia vingine.

Baada ya mashada Stella alinifuata. Alinisalimu kwa heshima, akaniita baba. Akauliza kama baba yake aliwahi kumtaja, hata mara moja. Ukurasa wa tisa ulikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua mdomo. Hapohapo Linus akaja na mkono umenyooshwa, akakiri mbele za watu kwamba hajapata kusikia historia iliyonyooka vile. Linus! Nikageuka kumshukuru. Labda dakika mbili. Labda tano.

Nilipogeuka tena, Stella alikuwa barabarani, anatangulia, Brayson nyuma amembebea mkoba. Ningeweza kuita. Nilikuwa nimetoka kusoma kurasa sita kwa sauti, lakini jina moja lilinikwama.

Fidelia alimfungua jogoo kamba, akamwacha aende.

Jumamosi, 14 Juni

Usingizi wa mang'amung'amu siku mbili. Nimemweleza Oliva yote. Hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Alisema maneno ya Odilo hayajazikwa, niyapeleke leo, yaleyale, kwa wote wawili. Nikavaa koti. Nikatoka kabisa.

Njiani nikaitwa! Mara ya kwanza kuitwa, sikujipeleka! Mama Conjesta wa ng'ambo ya bonde, miguu imevimba, amesikia sifa zangu mazikoni na hamtaki Linus. Tarehe zake zote alizitaja bila kukosea. Mgonjwa wa mfano. Halafu akanishika mkono, akanisihi nimpelekee neno mdogo wake aliye Makambako. Waligombana juu ya shamba la mama yao, na simu hapokei. Mkono wake ulikuwa moto.

Nimeliandika neno lake, mwandiko mzuri. Nilipotazama juu ya karatasi nikaona ni ukurasa wa tisa. Nimemwahidi Jumamosi ijayo. Nitapeleka na la Stella hukohuko, safari moja, majalada mawili. Kwenda mara mbili ni kutokujua kupanga kazi.

Ila kwanza koti lipanuliwe kwapa. Fundi anaomba wiki mbili. Za kutimiza ile miaka miwili ya mkufunzi zimebaki wiki saba, na afya yangu haijapata kuwa njema hivi.