Hedifoni Zenye Njaa

Jumatatu, 3 Machi 2025. Tororo.

Nimezipata! Hedifoni za planar. Ndani hazina koni kama zile za wanafunzi. Zina utando mwembamba uliobanwa katikati ya sumaku, na zikikaa kichwani shingo inajua. Badiru, muuza vyombo vya mitumba upande wa Kenya pale Busia, hakutaka pesa. Alitaka redio nzuri. Nikampa redio ya Adeke.

Adeke ni mke wangu. Hajui. Kwake redio si muziki, ni matangazo ya vifo ya saa moja jioni: nani kafariki, anazikwa wapi, na fulani na fulani popote walipo wafike haraka. Nimemwambia redio imekwama sauti, iko kibandani kwangu naitengeneza. Mimi ni Ofwono, fundi wa simu wa soko la Tororo. Uongo huo unanifaa kama shati.

Nikataka kusikiliza. Simu yangu haina tundu la waya. Ya Adeke inalo. Nimeiazima, nikamwambia ina virusi. Nikachomeka. Ole wangu! Sauti ipo, lakini ni kama mtu anaimba ng'ambo ya barabara kajifunika blanketi. Nikampigia Badiru. Akasema hizo zina njaa, simu haiwezi kuzishibisha, zinataka amplifaya. Mbona hukusema? Akasema sikuuliza.

Jumanne, 4 Machi.

Asubuhi nimesoma mtandaoni mpaka macho yakawasha. Sasa naelewa. Hedifoni hizi ukinzani wake ni mdogo, lakini ni nzito kuamka. Hazitaki volti peke yake, zinataka mkondo. Wati mbili, tatu, safi, bila kelele. Jamaa mmoja huko ng'ambo anasema yeye zake huziendesha kwa amplifaya ya spika kubwa. Nimeandika hilo pembeni.

Nimejaribu sabufa ya nyumbani, ina tundu la hedifoni mbele. Mngurumo wa mashine ya kusaga, na mwimbaji humo ndani anaomba kuokolewa. Halafu simu ikiita, trrr-trrr-trrr, mawimbi yote yanaingia masikioni. Nimezizima laini zote mbili, yangu na ya Adeke. Zitakaa hivyo mpaka nipate amplifaya. Fundi lazima awe na utulivu.

Mujib amenicheka. Kibanda chake kimepakana na changu, anakodisha spika za harusi na za matanga. Huu ni mwezi wa Ramadhani: amefunga tumbo, mdomo hajafunga. Akauliza kwa nguvu, soko zima lisikie, "Ofwono, wewe iko na masikio ngapi?" Wenye wivu hawajibiwi.

Jioni Adeke aliuliza redio. Nikasema nasubiri spea kutoka Nairobi. Akakaa mlangoni, saa moja ya matangazo ikapita, akaenda kuchambua maharage.

Jumatano, 5 Machi.

Amplifaya ya gari! Ilikuwa chini ya meza yangu tangu mwaka juzi, mwenyewe hakurudi kuichukua. Ina mkondo wa kutosha. Inataka betri tu. Phillip wa bodaboda alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, nikamwomba betri kwa dakika kumi.

Dakika nne. Nitazikumbuka mpaka kaburini! Gita la kwaya, ile kwaya ninayoisikia kila siku, nilisikia kidole kikiteleza juu ya uzi. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Dakika ya tano moshi. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu imevuta moshi, na betri ya Phillip imekufa. Alikuwa na abiria wa Malaba. Amenitukana kwa lugha tatu, na mimi naelewa zote.

Adeke amerudi kutoka kanisani na majivu kwenye paji la uso. Akauliza redio. Nikasema spea imefika mpakani, iko forodhani.

Sasa najua mbingu ikoje na sina mlango. Ni bora nisingesikia.

Ijumaa, 7 Machi.

Saa nne asubuhi Egau, kaka yake Adeke, amefika kibandani kutoka kwao Mukuju, kavaa koti jeusi kwenye jua hili, na Adeke nyuma yake. Hakusalimia. "Shemeji, nyinyi mlikuwa wapi? Redio imewaita mara tatu!"

Baba yao mdogo amefariki Jumatatu. Jumanne ikatangazwa: Adeke na mumewe Ofwono, fundi wa simu wa Tororo, popote walipo. Jumatano tena. Jana tena. Amepiga simu zetu siku tatu, zote hazipatikani. Watoto wote wa ukoo wamelala matangani, wakamlilia mzee, isipokuwa Adeke. Wazee wameanza kuuliza kama huyu binti ana ugomvi na marehemu, au ameolewa na mtu wa namna gani.

Baba mdogo huyo ndiye aliyemlipia Adeke shule.

Adeke alinitazama. Akaitazama meza yangu: simu yake imefunguliwa, hedifoni juu yake. Akauliza redio iko wapi, safari hii polepole. Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba mdogo yangu amelala siku nne amekufa, na mimi napika, nacheka." Akapanda pikipiki ya kaka yake, na kanga ya kichwani hakuifunga vizuri.

Mimi ni mbwa. Kesho mazishi. Nitakwenda, nitakaa nyuma, nitainamisha kichwa.

Jumamosi, 8 Machi. Mukuju.

Siku ya Wanawake Duniani. Mimi wangu mmoja nimemmaliza leo.

Nilifika nimeinamisha kichwa kama nilivyopanga. Lakini spika za msibani zilikuwa za Mujib. Na chini ya turubai, juu ya kreti ya soda, amplifaya yake ya honi, zile spika za mdomo wa tarumbeta. Wati mia tatu! Nikamkumbuka yule jamaa wa ng'ambo.

Kwa nini nilizibeba hedifoni kwenye mazishi? Usiniulize, daftari. Zilikuwa mkobani, basi.

Nilimwomba Mujib kwa adabu, dakika moja tu. Akakataa, akasema kuna mfu hapa, nione aibu. Akaenda kuswali adhuhuri nyuma ya ghala. Nikasogea. Nyuma ya amplifaya kuna skrubu za kufungia waya, kila moja na namba yake: omu nne, nane, kumi na sita, kisha volti sabini, mia. Nikaanza na nane, kwa uangalifu wa fundi.

Mzee Emoit, baba mkwe wangu, alikuwa ameshika maikrofoni, anasimulia maisha ya ndugu yake. Na mimi nikamsikia. Si kama wengine walivyomsikia. Nilimsikia akimeza mate. Nilimsikia akifika kwenye jina la mdogo wake, akivuta pumzi mara mbili kabla ya kulitamka. Watu mia tatu pale, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mzee analia. Nilimwonea huruma, nikalia naye.

Halafu nikafikiri: kama nane ni hivi, mia itakuwaje? Mwenye njaa humpi sahani ndogo. Nikahamisha waya. Wanasema nilipaza sauti, "Ee, hapo! Ongeza!" Sikujua. Mtu mwenye hedifoni hajisikii.

Pah! Sikio la kulia moto. Harufu ya plastiki. Honi zote kimya.

Baba mkwe alikuwa anasema neno la mwisho kwa marehemu. Walio mbele waligeuka kunitazama. Walio nyuma, wakidhani amemaliza, wakaanzisha wimbo wa kushusha jeneza. Mzee akabaki na maikrofoni iliyokufa, midomo inacheza, na hakuna aliyemsikia, hata mimi.

Ukoo ulikaa pale pale baada ya mazishi. Mkwe hasogei karibu na mkwe wake akiwa msibani, mimi nimemkatiza kaburini. Hukumu: nilete mbuzi dume wa kuosha aibu, nije mwenyewe nimpigie magoti mzee. Mpaka hapo Adeke anabaki kwao. Alikuwa ameketi na wanawake. Hakuinua macho. Mujib naye alikuwa anakunja waya zake bila kunicheka, na hilo liliniuma kuliko matusi yake yote.

Jumatatu, 10 Machi.

Nyumba imepoa. Nimekula maharage aliyoyachambua yeye. Nimeyaunguza.

Sina raha, sina usingizi. Nimeapa mbele ya picha ya harusi yetu: sitagusa amplifaya tena. Leo nimekwenda Iyolwa kwa kaka yangu Bartholomew, nimemlilia, amenipa mbuzi dume mweusi, mnene, ambaye alimtunza kwa Pasaka. Akasema nimpeleke moja kwa moja Mukuju, nisipite popote. Nikasema nipite wapi tena?

Jumatano, 12 Machi.

Nilipitia Busia. Kwa nia njema! Nilitaka kumrudishia Badiru hedifoni anipe redio, niende Mukuju na vyote viwili. Redio ilikuwapo rafuni, safi, ina betri mpya. Badiru akazijaribu hedifoni, akasema upande wa kulia umekufa, hazichukui. Lakini tuujaribu wa kushoto kwenye mashine iliyofika jana. Amplifaya ndogo, ya chuma, imetengenezwa kwa hedifoni za namna hii na si kwa kitu kingine.

Daftari, nilisikia nzi aliyeingia studio.

Badiru hakutaka pesa. Alimtazama mbuzi.

Nimefika nyumbani. Nimekaa na upande wa kushoto. Inashiba! Mpango ni huu: Jumamosi nakwenda Mukuju na amplifaya, nampigia magoti mzee Emoit, namvisha. Akisikia, hataulizia mbuzi, na Adeke ataelewa. Kilichobaki ni upande wa kulia tu. Badiru anaweza kuupata kabla ya Ijumaa, anauliza kama nina cherehani. Ipo ya Adeke, na kwa sasa haitumii, maana hayupo.