Shahidi wa Kilomita

Ngui aliipenda tarehe kumi na tano ya kila mwezi jinsi watu wengine wanavyoipenda siku ya mshahara. Bei mpya ya mafuta hutangazwa tarehe kumi na nne, kwa hiyo asubuhi inayofuata madereva wa Nairobi huamka na majonzi, na mtu mwenye majonzi haulizi maswali mengi akitajiwa nafuu. Hapo ndipo riziki ya Ngui ilipokuwa.

Jumatano hiyo alikuwa katika kituo cha petroli kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Woodley, ameegemea gari jekundu la michezo, la milango miwili, lenye eksozi nene na mngurumo wa kutisha watoto. Ilibidi lingurume, maana halikuwa na sifa nyingine. Injini yake ya asili ilikufa zamani. Okinyi, fundi wa Kangemi, alikuwa amelitia injini ndogo pamoja na giaboksi yake, vyote kutoka kwa kigari fulani kilichogonga ukuta. Difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, ikabaki ile ile ya michezo. Ndoa za namna hiyo huwa na kelele. Kwenye taa gari liliruka mbele kwa kishindo ukadhani linakwenda kushindana, lakini likifika themanini injini ililia mpaka ukaionea huruma, na mafuta yakaenda bure.

Tena kulikuwa na jambo moja ambalo Ngui alilishukuru kwa dhati. Mita ya kilomita huhesabu mizunguko ya giaboksi, na giaboksi hii ilidhani bado inasukuma kile kigari chake cha zamani. Kwa kila kilomita kumi za barabara, mita iliandika kumi na tatu. Kwa hiyo gari lililokwenda kilomita kumi na tatu kwa lita moja lilionekana linakwenda karibu kumi na saba. Okinyi alitaka kurekebisha. Ngui akamshika mkono.

"Wacha hivyo hivyo, Okinyi. Kitu ikikusifu, mbona uifunge mdomo?"

Okinyi hakubishana, ila alikuwa na sharti lake. Ngui alileta bodi, yeye akaleta injini, na bei wangegawana. Lakini Virginia, muuza viazi wa soko la Kangemi, alikuwa na pikapu iliyolala uani kwa Okinyi wiki ya tatu ikingoja injini ya aina hiyo hiyo.

"Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi," Okinyi alisema. "Kama hujauza, natoa kitu yangu."

Ngui alikuwa ametia akiba yake yote katika ile bodi nyekundu. Bila injini, akiba hiyo ingekuwa bati la kufugia kuku. Alikuwa na siku tisa.

Ndipo akamwona mama mmoja wa makamo, mwenye buibui na miwani, akishuka kutoka gari kuukuu la familia. Mama alisoma bei kwenye pampu. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Bei ilikuwa ile ile.

Ngui aliingia garini, akalingurumisha, akalisogeza hadi pampu ya jirani.

"Weka ya soo tatu," alimwambia mhudumu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Hiyo itanifikisha wiki ijayo."

Mama aligeuka. Huwa wanageuka.

"Samahani, baba," alisema, kwa Kiswahili cha Lamu ambacho miaka thelathini ya Nairobi haikuweza kukifanya lolote. "Gari kama hilo lanywa mafuta ya mia tatu kwa wiki?"

"Mathe, hii haikunywangi. Hunusa tu."

"Na mwendo?"

"Ingia uone."

Alimpeleka hadi Dagoretti Corner na kumrudisha. Kila penye taa, gari liliruka, mama akashika mkoba kwa mikono miwili. Ngui alihakikisha hawafiki themanini, jambo ambalo kwa foleni ya barabara ile halikuhitaji ujuzi. Aliona pia kuwa mama hatazami barabara. Alikuwa anaitazama mita. Moyo wa Ngui ukachangamka.

Jina lake lilikuwa Bi Mahira. Alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali, ambayo mimi sitaitaja kwa sababu nina familia, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kaunti akikagua madarasa ya watu wazima. Alipotajiwa bei ya gari, aliikubali bila kubishana hata kidogo. Mtu mwenye akili zaidi ya Ngui angeshtuka.

"Lakini gari silinunui kwa mdomo," alisema. "Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, niende nalo kazini. Langu nitakuachia."

"Chukua, mathe. Na mafuta juu yangu."

Aliongeza maneno hayo ya mwisho kwa madaha, kama mtu anayemwongezea mteja nyanya moja. Kwake ilikuwa hesabu rahisi: kadiri mama atakavyozunguka, ndivyo mita itakavyozidi kumdanganya.

Tangu hapo walikutana jioni kila baada ya safari, kwenye mkahawa mmoja karibu na River Road. Bi Mahira alikuja na risiti za petroli na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula: tarehe, alikotoka, alikofika, mita mwanzo, mita mwisho, lita. Pembeni kabisa palikuwa na nafasi ya shahidi.

"Mie mtu wa karatasi, baba," alisema. "Kitu kisicho na saini sikijui."

Ngui alitia saini. Alikuwa na saini nzuri yenye mkia mrefu, na hakuwa akipata nafasi nyingi za kuionyesha.

"Kumi na saba kwa lita," Bi Mahira alisema, akipiga hesabu kwenye simu. "Kama ulivyosema. Wallahi, gari lako ni kiumbe cha ajabu."

"Nilikuambia, mathe."

Siku ya kwanza kilomita mia mbili na kumi na nne. Siku ya pili mia tatu na tisini. Machakos, Kajiado, Narok, na vijiji ambavyo Ngui hakujua kama vipo. Kila asubuhi simu yake ililia: baba, tangi. Naye akatuma pesa. Jumatatu aliuza televisheni. Jumanne aliuza mtungi wa gesi, akaanza kupika kwa mkaa nje ya chumba chake kule Mutuini, huku majirani wakimpa pole ya kinafiki. Jumatano aliuza koti la suti alilokuwa akilivaa anapouza magari.

"Huyu mathe anaenda wapi hivi?" Okinyi aliuliza. "Ama anatafuta mahali Kenya inaishia?"

"Tulia. Akizunguka sana, anaamini sana."

"Na Ijumaa ikifika?"

"Ijumaa tutakula nyama, buda."

Ijumaa saa tatu asubuhi, gari jekundu liliingia uani kwa Okinyi. Ngui alikuwa amenyoa ndevu. Bi Mahira alishuka, akafunga mlango polepole, akampa funguo.

"Ahsante, baba. Nimelijaribu vizuri. Silitaki."

Ngui alicheka, kwa kuwa hakujua uso ufanye nini kingine.

"Mathe, acha jokes. Kumi na saba kwa lita. Wewe mwenyewe umeandika."

"Nimeandika mita ilivyosema. Nairobi hadi Machakos ni kilomita sitini na tatu tangu nilipoajiriwa. Gari lako lasema themanini na mbili. Ama Machakos imehama, ama mita yako ni mwongo."

Okinyi alijifanya anatafuta spana chini ya meza.

"Ulijua lini?" Ngui aliuliza.

"Siku ile ile, kabla hatujafika Dagoretti Corner. Njia hiyo naipita kila siku."

"Sasa si ungerudisha gari?"

"Kwa nini nirudishe?" Bi Mahira alishangaa kweli. "Ofisi hutulipa kwa kilomita tukitumia gari la mtu binafsi. Barabara za lami wanazijua, hizo nimezidai kwa haki. Lakini kutoka darasa la kijiji hiki hadi la kijiji kile, nani amepima? Twategemea mita. Na mita yako, mashallah, ni karimu."

Msomaji, tuinamishe vichwa kidogo. Hiyo ni kodi yako.

Ngui aliona yote kwa mara moja: televisheni, mtungi, koti. Hasira ikampanda hadi masikioni.

"Nitakuripoti."

"Ripoti." Bi Mahira alifungua mkoba, akatoa karatasi. Mkia wa saini ya Ngui ulining'inia kwenye kila mstari. "Saa tano atakuja Bwana Wahome wa ukaguzi kumwona shahidi. Mwambie kuwa mita ni ya uongo, kuwa ulijua, na kuwa ulitia saini. Huenda wakatufunga sote. Mie nimebakisha miezi minne nistaafu, sijui wewe una haraka gani."

Akaingia katika gari lake kuukuu, lililokuwa likimngoja pale uani, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Saa nne kamili Okinyi alifunga mnyororo kwenye injini.

"Okinyi, ndugu yangu. Siku moja tu."

"Tulisema Ijumaa."

"Okinyi, nimebaki na hii shati."

Okinyi aliinua uso, akamwangalia kwa huruma ya kweli, kisha akaendelea kuvuta. Injini ilipanda, ikaning'inia, ikatua ndani ya pikapu ya Virginia. Giaboksi ilifuata. Ngui alikaa juu ya tairi na machozi yakamtoka, na mimi siwezi kumcheka hapo, kwa sababu nimewahi kuipoteza akiba.

Wahome alifika saa tano kasoro, mtu mwembamba mwenye faili. Ngui alipangusa uso, akafunga boneti, akaikalia.

"Wewe ndiye shahidi? Kilomita elfu moja mia tisa kwa wiki moja. Nataka kujua kama hii mita inasema ukweli."

Ngui alivuta pumzi. Kuna watu huimba vizuri zaidi wakifiwa.

"Boss, hii mita ni kama kiapo. Watu wengi wakibadilisha injini, giaboksi na difu hazielewani, mita inaharibika. Sisi tulikaa nazo chini kama wazee wa ukoo. Tukahesabu meno ya kila gia. Mimi mwenyewe nilipima na kamba, kutoka Uthiru mpaka hapa Kangemi, watu wakidhani nimeshikwa na wazimu. Imetoka sawa mpaka hatua ya mwisho. Na madam Mahira nilikuwa namwambia kila siku, mathe, pumzika, unajiua kwa sababu ya wanafunzi. Anakataa."

"Liwashe nisikie."

"Na kilomita hizo zote, boss? Imechoka. Hiyo peke yake si ushahidi?"

Wahome alitazama pikapu, ambako Virginia alikuwa akifunika injini kwa gunia. "Na ile?"

"Ya mteja mwingine," alisema Ngui, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Alizungumza kwa robo saa. Alizitaja barabara ambazo hajawahi kuziona, akaeleza vumbi lake na madaraja yake, mpaka Okinyi akasahau kazi akaja kusikiliza. Tangu aanze kudanganya watu mjini hakuwahi kudanganya vizuri hivyo. Wahome aliandika, akagonga muhuri juu ya goti lake, akafunga faili.

"Ofisi ingekuwa na mashahidi kama wewe, kazi yetu ingekuwa rahisi," alisema, akampa mkono.

Jumatatu ofisi ikalipa. Ngui alikuwa Mutuini, akipepea jiko la mkaa, ujumbe ulipoingia kwenye simu yake: "Pesa zimefika, baba. Mwenyezi Mungu akulipe kwa ushahidi wako, maana mimi sina la kukulipa."