Fundi Betri kutoka Iringa

Kelestini alikuwa mtu mwaminifu sana, ila uaminifu wake ulikuwa bado haujapata nafasi. Juma lile alimuuzia Polikarpo, mwenye kilabu cha pombe pale Ifakara, betri ya gari ya kuendeshea redio, iliyokwisha kufa, akaapa kwa ubatizo wake kwamba imelala tu. Polikarpo hakubishana. Aliichukua baiskeli ya Kelestini, akaifunga mnyororo kwenye nguzo ya kilabu, akasema itatoka siku redio itakaposema. Na Kelestini bila baiskeli ni nani? Tapeli wa miguu, anayekamatwa kabla hajafika kijiji cha Mkula.

Ndipo akaliona lile gari-nyumba. Lilikuwa gari kuukuu la wagonjwa, la jeshi, limeegeshwa karibu na soko likisubiri mto upungue na kivuko kifanye kazi. Lilikuwa na mapazia ya maua, kitanda, jiko na taa nyekundu ya kuoshea picha. Mwenyewe, Hermenegildi, askari wa zamani wa vita vya Burma, alizunguka nalo na mkewe Tekla wakipiga watu picha na kuziosha humohumo. Lakini sasa taa ilififia kila jioni, na wateja walianza kuuliza sura zao ziko wapi.

Kelestini alifika na ile betri mfu, aliyorudishiwa na Polikarpo, ndani ya gunia, akatoa shikamoo mbili, akasikiliza maelezo ya Tekla kwa uso wa padri kitubioni. Kisha akafungua boneti na kubonyeza mkanda wa dinamo kwa kidole gumba. Ukabonyea kama tumbo la mwenye njaa. Ugonjwa ulikuwa huo tu: mkanda umelegea, dinamo haizunguki vya kutosha, betri, ingawa ni nzima, haipati chakula. Mtu mwingine angekaza nati na kwenda zake. Kelestini akavua kofia.

"Poleni," akasema. "Betri imefariki."

Aligusa waya kwa ulimi, akatema mate, akaeleza kwa huzuni kwamba betri mfu ikikaa karibu na kitanda huwanyima watu watoto. Kwa bahati njema alikuwa na nyingine kwenye gunia, na kwa kuwa Mungu hakumuumba mchoyo, angebadilishana nao bure, ile maiti akaizike mbali. Akaifunga ile ya Polikarpo, akakaza mkanda kimyakimya, akaomba injini iwashwe kwa kuzungushwa hendeli. Taa ikawaka, nyekundu kama jicho la mlevi. Wapita njia waliokwisha kujaa wakapiga makofi. Hawakujua kwamba injini ikinguruma, taa ile ililishwa na dinamo peke yake. Betri ilikaa pale kama mgeni rasmi.

"Ufundi huu umeupata wapi, mwanangu?" Tekla akauliza.

Angenyamaza, angelala na baiskeli yake. Lakini tapeli akipigiwa makofi huvimba. Yeye, Mndamba wa kando ya mto, aliyeijua milima ya Udzungwa kwa upande wa chini tu, akapanua kifua.

"Iringa, mama, gereji ya Wagiriki. Mimi ni Mhehe wa Kalenga. Mhehe kabisa."

Hermenegildi akazima injini. Taa ikafa papo hapo. Akaitazama, akamtazama fundi, kisha akamgeukia mkewe.

"Tekla, umesikia? Sisi Wangoni wa Peramiho tumekwama hapa bila hata mtani wa kumnyang'anya, kumbe Mungu ametuletea Mhehe pamoja na mzigo wake."

Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana. Mtani huchukua, na anayechukuliwa hucheka. Akinuna, ameuaibisha ukoo mzima. Tekla akachukua gunia lenye betri nzima, halafu spana, halafu kofia, halafu, kwa upole wa mama, shati. Watu walishangilia. Kelestini alicheka mpaka machozi, na machozi hayo hayakutoka kwenye kicheko.

Akamnong'oneza Hermenegildi kwamba, kusema kweli, mama yake ni Mndamba, na ukichunguza sana, baba yake pia.

"Kama si Mhehe, basi si fundi wa Iringa," Hermenegildi akamjibu kwa sauti ya chini. "Na kama si fundi wa Iringa, tufungue tena boneti mbele ya watu hawa, tuone umetufungia nini."

"Mimi ni Mhehe," Kelestini akasema kwa sauti kubwa.

Wakati huo Polikarpo akajipenyeza mbele ya umati. Yeye na Kelestini walibatizwa siku moja, na ukoo wa mwenzake aliujua hadi kwa wajomba. Akaulizwa kama anaweza kushuhudia kwamba huyu ni Mhehe. Akaliangalia tumbo wazi la Kelestini, akaiangalia betri nzima mapajani kwa Tekla, akaikumbuka redio yake.

"Huyu? Mhehe safi," akasema. "Hata baiskeli yake iko kwangu. Watani mnaitaka?"

Mapatano yalikwisha kabla Kelestini hajamaliza kucheka. Gari likasogezwa ubavuni mwa kilabu, ile betri nzima ikarudishwa mahali pake, redio ikaunganishwa nayo mpaka kivuko kifunguliwe, na mnyororo ukafunguliwa nguzoni.

Kesho yake, redio ikivuma hadi sokoni, Kelestini alikuwa akitembea kwa miguu njia ya mtoni, katika fulana ya kuazima. Kengele ikalia nyuma yake. Akarukia matopeni kuipisha baiskeli yake.

"Kamwene, mtani," Tekla akamsalimu kwa Kihehe, akikanyaga pedali bila haraka.

"Kamwene," Kelestini akaitikia, akacheka, kama desturi inavyotaka.