Adui Aliyejificha Nyuma ya Jumatatu

Enyi mlioketi na mliosimama, niazimeni masikio, niwahadithie vita vilivyopiganwa ghorofa ya tatu, kando ya dirisha lisilofunguka, siku Dada Miwani, mpimaji wa programu, simba jike wa kibodi, alipokabiliana na neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa “Limefeli.” Kila alipoijaribu programu ya kukatia tiketi za mabasi, jaribio lilianguka, na ripoti ikatamka hilo tu, ikatulia kama maji mtungini. Na mdogo wake alikuwa amejifungua asubuhi ile. Saa za kutazama wazazi wodini zilikuwa zinayoyoma, na mkuu wa ofisi ameapa kwamba hatoki mtu jaribio lisipopita.

Ndipo akainuka jirani yake wa meza, mwandishi wa programu aitwaye Shehena, bingwa wa maneno mengi, akanena: “Dada yangu, tusiwe wachoyo! Ripoti iseme kila kitu! Saa, kumbukumbu zote, joto la mashine, hata jina la aliyeiwasha!”

Akaamuru, na mafuriko ya mistari yakaporomoka kwenye kioo, yakamfunika shujaa hadi kope, wala jibu halikuonekana.

“Kaka, umenizamisha!” akalia Miwani. “Mimi nataka kujua tulitarajia nini, na tumepata nini. Basi.”

“Hayo tu? Na yasipotosha?”

“Yasipotosha, nenda wewe wodini ukajiite mama mkubwa.”

Akafyeka mistari kama magugu, akaendesha upya. Ripoti ikatangaza: Ilitarajiwa Jumatatu, imepatikana Jumatatu.

Shehena akacheka hadi akashikilia meza. “Mapacha hao, dada! Watenganishe!”

Lakini jabali lile halikutikisika. Akachomoa silaha nyembamba kuliko zote, alama za kunukuu, akalizungushia kila neno ukuta mbele na nyuma. Na tazameni: ilitarajiwa “Jumatatu”, imepatikana “Jumatatu ”. Nafasi! Nafasi tupu, imejibanza mkiani mwa neno kama mwizi nyuma ya pazia!

“Kumbe ni wewe!” akanguruma, akaikata kwa pigo moja la kidole. Jaribio likapita.

Shehena akavua kofia. “Kuanzia leo ripoti zetu zote ziandikwe hivi.”

“Ziandike wewe. Mimi nina mtoto wa kupakata.”

Akashuka ngazi mbio, akapenya wodini mlinzi akiwa ameshika komeo. Na iingie katika tarehe za mataifa kwamba mtoto, aliposimuliwa ushindi huu na mama yake mkubwa tangu mwanzo hadi mwisho, alipiga mwayo.