Toleka Bila Jasho

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimefunga mota ya betri kwenye baiskeli ya Hadidja, mke wangu. Kila alfajiri anabebea mafungu ya sombe, majani ya muhogo, mpaka sokoni Mangobo, halafu mchana naitumia mimi kama toleka, kubeba abiria. Hakufurahi. "Papa Nadia, velo yangu ikikosa kurudi, na weye usirudi." Wanawake na wasiwasi! Nimepita ofisi ya usafiri kumwuliza Papa Augustin, mkaguzi, kama nahitaji namba ya pikipiki. Ameizunguka, karibu ainuse. Akasema sheria inajua baiskeli, inajua pikipiki, hii yangu bado haijaiona. Donc niko huru! Nimeshinda nikiteleza tu, wenzangu wanakanyaga pedali ulimi nje.

Jumatano, 8 Oktoba
Lambert! Toleka wa kona ya pili, naye kafunga mota. Mwizi wa akili za watu! Tena kanipokonya Mama Adèle, mteja wangu wa samaki, akapita mbele yangu akinipungia mkono. Wivu umeniwaka, fufu nimeiacha mezani. Mbio kwa Papa Augustin. Nimemweleza kwamba vyombo hivi ni hatari, sheria haiwezi kulala namna hii. Alikubali, ila atavitambuaje, maana watu wataficha betri ndani ya gunia? Nikampa kanuni, bure kabisa: toleka anayepanda mwinuko na abiria bila kutoa jasho, huyo ni pikipiki. Ameniita raia mwema. Lambert kwisha!

Alhamisi, 9 Oktoba
Kanuni imeanza leo leo. Wakaguzi wamesimama juu ya mwinuko, wanapapasa watu migongo. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nimejimwagia ya chupa kabla ya kufika. Nimepita! Lakini Lambert naye kapita. Mwoga yule, akimwona mkaguzi tu anatota mpaka soksi. Sikutegemea hilo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Jua kali. Chupa nimesahau nyumbani. Nikanunua kifuko cha maji ya barafu, nikajimwagia chote. Papa Augustin mwenyewe akanishika mgongo, akaruka. "Jasho gani hii iko baridi, Rashidi?" Nikasema ni malaria. Abiria wangu akacheka! Baiskeli ikapakiwa kwenye lori la ofisi mbele ya macho yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Hadidja amekwenda sokoni kwa miguu, sombe kichwani, nusu imenyauka njiani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nimeona haya mpaka nikajificha nyuma ya nyumba. Kutoka sokoni akapitia ofisini peke yake. Akawaambia wang'oe mota, wampe velo yake, maana baiskeli isiyo na mota haina kosa. Wakampa. Amerudi anaiendesha mwenyewe, kaiingiza ndani, kafunga mlango. Mimi niko nje. Mota nimerudishiwa, kwa kuwa mota isiyo na baiskeli nayo haina kosa.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimelala barazani. Mbu wameshiba. Nimetafakari sana, na nimeona nilipokosea: baiskeli! Kanuni inataja baiskeli tu. Mkokoteni haujatajwa popote! Kesho namwahi Papa Augustin kabla Lambert hajaamka, nimshauri vizuri zaidi. Jirani yetu, Tonton Alphonse, amekubali kuniazima mkokoteni, niufunge mota. Kusema kweli si wake, ni wa mkewe, Tanti Émilie, anauzia makaa. Lakini yeye yuko Isangi mpaka Jumatano. Hatajua.