Kofia ya Babu Yetu Waziri

Alhamisi, 4 Oktoba

Mdomo wangu huu! Chakula cha kukutanisha wazazi kilikuwa kinakwenda vizuri. Bwana Maeng, baba wa mchumba wa binti yangu Boram, akafungua kitabu cha nasaba yao pale pale juu ya samaki wa kuchoma. Wanazuoni, mahakimu, gavana mmoja. Kisha akaniuliza, na upande wenu je, mkwe? Upande wetu ni wauza tofu, jibini ya soya. Nikasema babu yetu mkuu alikuwa waziri, na kofia yake imo kwenye makumbusho ndani ya kasri la kale. Mke wangu Ok-hui alinikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bwana Maeng akaweka vijiti chini, akasema lazima akaisujudie kofia hiyo kabla ya harusi.

Boram ana miaka thelathini na nne na anampenda huyu kijana kweli. Na Bwana Maeng alishavunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa uongo mdogo kuliko huu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimepata dawa. Kasri hufungwa kila Jumanne. Nimekwenda mwenyewe, kibao nimekiona langoni. Tutafika, tutakuta kufuli, nitasikitika sana, na harusi itapita. Nimempigia Bwana Maeng kumwalika Jumanne. Amefurahi mno. Ni Sikukuu ya Alfabeti ya Kikorea, hakuna kazi, hata mkewe atakuja. Ok-hui anasema nitamharibia mtoto maisha. Huyu mwanamke hajui mipango.

Jumanne, 9 Oktoba

Wazi! Lango lote wazi, foleni mpaka barabarani. Mlinzi akanieleza kwamba Jumanne ikiwa sikukuu wanafungua, wanafunga kesho yake. Eti imeandikwa kwenye kibao, mstari wa chini. Nani husoma mstari wa chini?

Tukaingia. Vyumba vya wafalme vimejaa vioo na taa, na mimi natafuta kofia. Kofia yoyote isiyo na jina. Ya kwanza ilikuwa na jina. Ya pili ilikuwa na jina na picha. Bwana Maeng nyuma yangu ananiuliza, bado, mkwe? Mkewe anaulizia choo. Chumba cha mwisho, pembeni, nikaiona. Nyeusi, ya singa za farasi, safi kabisa. Maandishi: kofia ya mtumishi wa kasri. Basi. Waziri si mtumishi wa kasri? Nikasema, ndiyo hii.

Nilidhani atainamisha kichwa tu. Akavua viatu, akatandika koti sakafuni, akasujudu mara mbili, paji la uso chini, kama anavyowasujudia marehemu wa kwao. Ikabidi na mimi nisujudu. Watu wakatoa simu kupiga picha. Ok-hui alikuwa nyuma ya nguzo, hataki kujulikana.

Akaja mama mmoja mtembeza wageni, mvi tupu, sauti ya mwalimu. Akasema amefarijika sana kuona watu wanawaheshimu hata matowashi.

Bwana Maeng, bado yuko magotini, akauliza, matowashi gani?

Yule mama akamweleza taratibu. Chumba hiki chote ni cha matowashi wa mfalme, wanaume waliohasiwa.

Nikawahi kusema babu alihasiwa baada ya kupata watoto. Yule mama akasema hapana, wengi waliingia wakiwa wavulana wadogo. Ila waliruhusiwa kuasili watoto, wakaendeleza jina. Nikadaka hapo hapo. Ndiyo, tuliasiliwa! Bwana Maeng akavaa viatu polepole. Akaniuliza, kwa hiyo, mkwe, ninyi hasa ni damu ya nani?

Walipanda teksi yao bila kuaga. Boram alipiga simu mara nne na sikuweza kupokea. Naogopa. Nimemponza mwanangu mwenyewe.

Jumatano, 10 Oktoba

Boram alikwenda kwa akina Maeng asubuhi, peke yake. Aliwaambia yote. Kwamba babu yake aliuza tofu, na baba wa babu hakuna anayemjua. Kwamba baba yake husema uongo akiogopa, na huogopa karibu kila siku. Bwana Maeng akasema ukoo wake haujapata mkwe mkweli hivi, na harusi iko pale pale.

Kutoka huko Boram akaja kwangu moja kwa moja. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akasema, baba, naomba kitu kimoja tu, mpaka harusi usiseme lolote. Nililia. Nikaapa.

Saa nane Bwana Maeng akapiga simu. Sauti ya upole, mambo yamekwisha. Aliuliza tu, kwa adabu, kama tumepata mtu wa heshima wa kusimamia ndoa na kutoa nasaha. Hatujapata. Ningesema hatujapata. Nikasema ni profesa mkuu, rafiki yangu wa jeshini.

Zimebaki siku kumi na nane. Muuza ngisi wa pale sokoni ana mvi za kisomi na huongea taratibu. Kesho nampelekea tai aijaribu.